‘Injini imebadilishwa’ si sentensi ya kutosha

Mjadala wetu kuhusu Kiswahili cha sayansi na teknolojia umezoea kuhesabu istilahi. Tunauliza: dhana hii ina neno? Likiwepo, tunapiga makofi. Lisipokuwepo, tunawalaumu wakuza istilahi. Leo nataka kuyahoji mazoea hayo kwa kuangalia kazi ambayo wengi hawaihusishi na lugha hata kidogo, nayo ni kufuatilia vijenzi vya ndege: jinsi karakana inavyojua, kwa msaada wa programu ya kompyuta, kila injini imetoka wapi, imefanya kazi saa ngapi, na ndani yake mna nini. Dai langu ni fupi. Katika kazi hii tatizo la Kiswahili si uhaba wa nomino. Tatizo ni kwamba tunatafsiri majina ya vitu na kusahau uhusiano baina ya vitu hivyo, ilhali uhusiano ndio unaobeba usalama wa abiria. Na lugha yetu ina nyenzo nzuri za kuutaja.

Naandika haya nikiwa Chaka, Kaunti ya Nyeri. Msomaji anayeifahamu barabara ya kwenda Nanyuki atauliza: Chaka na ndege wapi na wapi? Chaka ni mji wa soko, wa malori na matatu, wa maduka ya spea na gereji. Lakini ndege haziko mbali. Upande wa Kiganjo kuna uwanja mdogo wa Nyaribo. Ukisonga mbele hadi Nanyuki, utakuta uwanja unaopokea ndege za watalii, na pia kambi ya jeshi la wanahewa ya Laikipia. Hata hivyo, ushahidi wangu mkubwa hautoki viwanjani bali katika gereji za hapa Chaka. Humo Kiswahili cha mashine kinasemwa kutwa kucha bila kamati wala semina, na kina mengi ya kutufunza.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Chukua Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja iliyozoeleka katika viwanja vya changarawe nchini. Injini yake ni ya familia ya PT6A inayotengenezwa na Pratt & Whitney Canada. Kwa ile ya PT6A-114A, kipindi ambacho mtengenezaji huweka kati ya ufumuaji mmoja na mwingine ni saa 3,600 za kuruka. Ila injini si kitu kimoja. Ndani yake mna diski za tabaini, yaani magurudumu yenye mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto. Diski hizo hazihesabiwi saa tu. Huhesabiwa pia mizunguko ya kuwashwa, kupaa, kutua na kuzimwa. Kikomo chake kikifika diski hutupwa, hata kama inang’aa kama iliyotoka kiwandani jana. Nje ya injini kuna propela yenye hesabu yake. Kuna magurudumu, breki na pampu za mafuta, na kila kimoja kina daftari lake.

Sasa tuseme injini imeshushwa na kupelekwa kufumuliwa, na ndege ikafungiwa injini ya kuazima ili isilale chini. Ndege inaendelea kuhesabu saa. Injini ya kwanza imesimama: saa zake haziongezeki, wala mizunguko ya diski zilizomo. Huko karakanani diski moja inatolewa na kutiwa katika injini nyingine kabisa. Kuanzia siku hiyo historia ya diski na historia ya injini iliyokuwa ikiibeba zinaachana, kila moja inashika njia yake.

Programu za matengenezo ya ndege zimeundwa kuyashika mambo kama haya. Huipanga ndege mfano wa mti: shina ni ndege yenyewe, matawi ni asembli kubwa kama injini na magurudumu ya kutulia, na vitawi ni vijenzi vilivyomo. Ukikata tawi na kulipandikiza kwenye mti mwingine, majani yake yote yanakwenda nalo. Mkulima wa Nyeri anayepandikiza maparachichi ataelewa haraka kuliko wengi wetu. Programu inataka mambo manne tu: kitu hiki ni kipi hasa, kimo ndani ya nini, kipo mahali gani, na tangu lini. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojibiwa na orodha ya nomino.

Kwamba jambo hili ni la kufa na kupona, tuna ushahidi. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya DC-10 ya shirika la United Airlines ilianguka Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, baada ya diski ya feni ya injini ya mkiani kupasuka angani na vipande vyake kukata mabomba ya haidroliki. Watu zaidi ya 100 walikufa. Miezi mitatu baadaye mkulima aliyekuwa akivuna mahindi aliigonga diski hiyo shambani. Wachunguzi walipofukua kumbukumbu za mtengenezaji walikuta diski mbili zilizoandikwa kwa nambari moja ya utambulisho, na mojawapo ilikuwa imekataliwa ilipokaguliwa. Vitu viwili, jina moja. Swali la ipi ni ipi likawa gumu kulijibu kwa karatasi zilizokuwepo.

Nikirudi kwenye Kiswahili chetu nikiwa na tukio hilo akilini, naona istilahi tulizozoea zikiyumba. Nitazichukua nne.

Ya kwanza ni ‘kipuri’. Ni neno zuri na limetukaa mdomoni. Lakini kipuri, kwa asili ya matumizi yake, ni kitu cha akiba: kiko dukani au stoo kikingoja kingine kiharibike. Kikishafungwa kwenye mashine kimeacha kuwa akiba. Kwa mwenye duka la spea tofauti hiyo haina uzito. Kwa anayefuatilia ndege, tofauti hiyo ndiyo swali lenyewe: kitu hiki kimefungwa au kimewekwa? Neno linalojibu swali kabla halijaulizwa halifai kuwa jina la jumla. ‘Kijenzi’ ni bora, kwa sababu hakisemi kimekaa wapi.

Ya pili ni ‘kusanyiko’ au ‘mkusanyiko’, ambayo mtu hukimbilia anapotafsiri kamusi mkononi. Kusanyiko ni la waumini. Mkusanyiko ni wa watu, wa maji au wa takataka, yaani vitu vilivyo pamoja bila mpango wa lazima. Gunia la viazi ni mkusanyiko: toa kiazi kimoja, gunia linabaki gunia. Asembli ya breki haiko hivyo. Ina idadi yake, mpangilio wake na nafasi ya kila kimoja, na ukitoa kimoja haikamiliki. Makanika wa Chaka wanasema ‘asembli’, au wanasema ‘gia nzima’ na ‘injini kamili’. Mimi sina ugomvi na asembli. Neno limeshafika, limevaa sauti za Kiswahili, tuliache lifanye kazi.

Ya tatu ni ‘nambari ya mfululizo’. Hii ni tafsiri sisisi inayosimulia jinsi kiwanda kilivyotoa nambari, moja baada ya nyingine, na kunyamazia kazi ya nambari hiyo. Kazi yake ni kukitenga kitu kimoja na ndugu zake wote wanaofanana. Kila Mkenya mtu mzima anaijua dhana hii kwa sababu anaibeba mfukoni: nambari ya kitambulisho. Kamau wako wengi, lakini nambari hiyo ni ya mmoja. Hivyo pawe na ‘nambari ya aina’, ambayo vijenzi elfu vinaweza kuichangia, na ‘nambari ya kitambulisho’, ambayo hakuna viwili vinavyopaswa kuwa nayo. Tofauti ya Sioux City imo humo.

Ya nne ni ‘kipuri chenye maisha mafupi’. Husemwa kuhusu vitu kama diski zile za tabaini ambazo sheria imeziwekea mwisho. Lakini diski inaweza kukaa ndani ya injini miaka mingi. Maisha yake si mafupi, yana kikomo. Mtu akisoma ‘maisha mafupi’ atadhani kitu ni dhaifu, na akikiona bado kigumu atajiambia kimepona. ‘Kijenzi chenye kikomo’ kinasema kweli: mwisho umeandikwa, na macho ya fundi hayana ruhusa ya kuuongeza.

Mpaka hapa huenda msomaji akasema nami nahesabu istilahi kama wenzangu. Ni kweli kwamba majina yanahitaji kusafishwa. Lakini hata tukiyasafisha yote, sentensi moja itabomoa kazi hiyo: ‘Injini imebadilishwa.’ Kitenzi hiki tunakipenda mno. Kubadilisha ni nini? Kugeuza hali? Kutoa hiki na kutia kile? Kubadilishana na mwenzako? Na iliyotoka imekwenda wapi? Katika programu ya matengenezo, jambo tunaloliita kubadilisha ni matukio mawili yasiyochanganywa: kutoka kwa kitu kimoja chenye kitambulisho chake, na kuingia kwa kingine chenye kitambulisho chake. Kila tukio lina tarehe, saa za ndege na mwenye kuwajibika.

Mwaka 2023 ilibainika kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, iliuza vijenzi vya injini za ndege, zikiwemo zile za CFM56, vikiwa na vyeti vya kughushi. Mashirika ya ndege ya nchi mbalimbali yakaanza kutafuta: kijenzi kipi, kimo ndani ya injini ipi, injini hiyo ipo kwenye ndege ipi, na tangu lini? Ni yale maswali manne. Karakana ambayo kumbukumbu zake zinasema tu ‘imebadilishwa’ haina pa kuanzia. Cheti cha uongo kinapata maficho palipo na kitenzi kivivu.

Basi tusikilize gereji. Haya ni mazungumzo ya aina inayosikika Chaka siku yoyote, kati ya fundi kijana na mwenye lori:

“Mzee, giaboksi tumeshusha. Tukifungua tupate meno yameisha, tutakutafutia ingine nzima.”

“Na ile yangu?”

“Yako inabaki hapa, mzee. Ukitaka tunatoa shafti yake tunafunga kwa hiyo ingine.”

Kiswahili hiki mwalimu angekipiga wino mwekundu. ‘Ingine’ ingekuwa ‘nyingine’, na mengineyo. Lakini angalia kinachofanyika. Kushusha ni kuitoa asembli kwenye gari. Kufungua ni kuingia ndani yake ikiwa tayari chini. Kutoa ni kukiondoa kijenzi katika asembli. Kufunga ni kukipa makao mapya. Vitendo vinne, vitenzi vinne, hakuna kilichogongana na kingine. Ukivuka Namanga utasikia pia ‘kusuka injini’, kwa maana ya kuifumua na kuirudisha upya. Na mwenye lori ameuliza swali ambalo kila mkaguzi wa ndege angeuliza: ile iliyotoka iko wapi? Leja ya gari lake haiwezi kumsaidia, kwa kuwa inajua nambari ya chasisi na ya injini tu. Giaboksi haimo. Kumbukumbu yake ni mdomo wa fundi, ndiyo maana mdomo huo umejifunza usahihi.

Wanasarufi wanaifahamu siri iliyo nyuma ya vitenzi hivi. Kiswahili kina kauli ya kutendua: funga na fungua, pachika na pachua, fuma na fumua, chomeka na chomoa, panga na pangua. Kitenzi cha pili kinadai cha kwanza kiwe kilishatokea. Huwezi kupachua kisichopachikwa. Hiyo ni kanuni ambayo programu nzuri ya matengenezo huisimamia: haikubali kuandika kijenzi kimetoka kwenye ndege ambayo haijaandikwa kwamba kiliingia. Kanuni wanayoitia mashinani kwa nguvu, sisi tumeizaliwa nayo kwenye mzizi wa kitenzi, kisha tunaiacha na kuandika ‘kuondoa’ na ‘kubadilisha’.

Nyenzo ya pili ni ngeli ya mahali. Tulifundishwa shuleni kwamba ‘pa’ ni mahali mahususi, ‘ku’ ni mahali pasipo mipaka dhahiri, na ‘mu’ ni ndani. Wengi walidhani ni mapambo ya mtihani. Lakini tazama: injini iliyopo kwenye bawa, diski iliyomo ndani ya injini, propela iliyoko kwa mtengenezaji. Silabi moja ya mwisho inatofautisha kitu kilichofungwa mahali pake, kitu kilichobebwa na kingine, na kitu kilichosafiri. Hizo ndizo hali tatu ambazo programu hupanga vijenzi. Katika mazungumzo yetu ya Kenya tumezimeza zote kwa ‘iko’: iko ndani, iko juu, iko Nairobi. Barabarani haina neno. Katika maandishi ya kazi ni hasara.

Ngeli hii inatusaidia pia kutenganisha nafasi na anayeikalia. Kwenye ndege ya injini mbili tunasema ‘injini ya kushoto’, kana kwamba ukushoto ni tabia ya injini. Mwaka huu iko kushoto, mwaka ujao huenda ikawa kulia, au kwenye ndege nyingine kabisa. ‘Injini iliyopo kushoto’ inakumbusha kwamba mahali ni pa ndege na injini ni mpangaji. Injini ikiondoka, mahali pake papo, pametupu, pangoja kujazwa.

Kuna hatari moja katika lugha ya gereji ambayo siwezi kuifumbia macho. Maneno ya mkopo karibu yote yanaangukia ngeli moja: injini, diski, pampu, propela, shafti. Fundi akiandika ‘imetolewa ikafungwa’, i- hiyo inaweza kuwa yoyote kati ya hizo. Anayesikiliza papo hapo ataona kidole kikielekezwa. Anayesoma usiku kwenye zamu nyingine hana kidole. Hapa ‘kijenzi’ kinatufaa mara ya pili, kwa kuwa kiko ngeli ya KI-VI wakati asembli iko I-ZI. Sema ‘kimetolewa, nayo imerudishwa’, na upatanisho peke yake umeonyesha kipi kimetoka na ipi imebaki.

Najua pingamizi linakuja. Nyaraka za watengenezaji ni za Kiingereza, skrini ni za Kiingereza, na kumbukumbu za ndege huandikwa kwa Kiingereza. Nani ataandika ‘kimepachuliwa’? Nakubali, wala sipendekezi rekodi za ndege zifasiriwe kesho asubuhi. Ila tukumbuke kwamba Kiingereza chenyewe hakikuwa tayari kwa kazi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mashirika ya ndege ya Ulaya yalilalamika kwamba miongozo ya matengenezo haisomeki kwa mafundi ambao Kiingereza si lugha yao. Waundaji wa ndege wakakaa chini wakatengeneza Kiingereza kilichopunguzwa, na mwongozo wake ukatoka mwaka 1986. Leo unajulikana kama ASD-STE100. Msingi wake ni kwamba neno moja liwe na maana moja. Kitenzi cha ‘kufuata’, kwa mfano, kinaruhusiwa kwa maana ya kuja nyuma ya kitu, si kwa maana ya kutii maagizo. Yaani walikaa na vitenzi, wakavibana, badala ya kuridhika na majina.

Kazi kama hiyo ndiyo ningependa kuiona kwa Kiswahili, na hailazimu kuanzia kwenye ndege. Vijana wanaosomea uhandisi hapa Nyeri, iwe ni Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi au Nyeri National Polytechnic, husoma kwa Kiingereza na hutoka darasani wakiongea Kiswahili, Kikuyu na Sheng. Mashine inafunguliwa kwa lugha moja na kuandikwa kwa nyingine. Katikati pana daraja, na hapo ndipo ‘tumeshusha, tukatoa yake, tukafunga kwa ile ingine’ hugeuka kuwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya ‘imebadilishwa’. Fundi alijua mambo manne. Rekodi imebaki na moja. Kijana aliyefunzwa kuyasema manne kwa ukamilifu katika lugha anayofikiria nayo, hatayaacha njiani anapoyaandika kwa lugha nyingine.

Tulinganishe basi. Sentensi ya kwanza: ‘Injini imebadilishwa.’ Ya pili: ‘Injini iliyopo, yenye kitambulisho hiki, imepachuliwa ikiwa na saa hizi tangu ifumuliwe; diski zilizomo zimekwenda nayo; mahali pake pamepachikwa injini nyingine, yenye kitambulisho hiki na saa hizi.’ Ya pili ni ndefu, lakini haina neno hata moja ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili halielewi. Haikuhitaji kikao cha istilahi. Ilihitaji sarufi ambayo tayari tunayo, na heshima kidogo kwa watu wanaoitumia wakiwa na mafuta mikononi. Wanaoandaa kamusi za ufundi wakipita Chaka, wasiishie kwenye maduka ya spea kuorodhesha majina yaliyo rafuni. Waingie nyuma, gereji, waandike vitenzi.